Italia: Miji Mingi, Taifa Moja

Mwalimu wa kwaya akitaka kutufundisha wimbo mpya, haanzi na maneno. Kwanza anatuimbisha do, re, mi, fa, sol. Je, mmepata kujiuliza ni nani aliyezipa sauti majina hayo? Ni Guido wa Arezzo, mmonaki wa Italia aliyeishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Guido aliona taabu ya waimbaji wake. Walijifunza kila wimbo kwa kusikia tu, na walipitisha miaka mingi wakiwa bado wanakosea. Basi akachukua wimbo mmoja wa Kilatini wa kumheshimu Mtakatifu Yoane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kinaanza kwa sauti iliyo juu kidogo kuliko ya kipande kilichotangulia. Akatwaa silabi za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuzwa kuwa do, maana ni nyepesi zaidi kuimba, na si ikaongezwa.

Tazameni tena neno «benki». Zamani wabadili-fedha wa Italia walikaa sokoni nyuma ya meza ndefu iliyoitwa banco. Neno hilo likasafiri katika lugha za Ulaya, mwisho likafika kwetu. Na chakula je? Watu wa Italia ya kaskazini wana chakula cha unga wa mahindi unaosongwa katika maji ya moto. Wao wanakiita polenta. Sisi tunakiita ugali, ama bukari. Mahindi yao, kama yetu, yalitoka Amerika.

Kumbe Italia si ngeni sana kwetu. Lakini tukiulizwa habari zake, wengi wetu tunajua neno moja tu: Roma. Na kwa kuwa Roma ni mji wa kale sana, tunadhani kwamba Italia nayo ni serikali ya kale sana. Hapo tunakosea. Mji wa Roma una miaka zaidi ya 2700, lakini serikali ya Italia ilizaliwa mwaka 1861 tu. Mbele ya hapo palikuwa na watu wa Venezia, watu wa Firenze, watu wa Napoli, watu wa Torino, kila mmoja na mkubwa wake, fedha yake, vipimo vyake na maneno yake. Namna gani watu hao walipata kuwa taifa moja? Na walilipa bei gani? Hayo ndiyo tunayotaka kueleza hapa. Sisi tunaoishi katika nchi yenye makabila mengi na lugha nyingi tuna sababu ya kusikiliza vizuri.

1. NCHI YENYEWE

Chukueni ramani ya Ulaya, mtazame upande wa kusini. Mtaona nchi ndefu inayoingia baharini, yenye umbo la kiatu kirefu cha askari. Ncha ya kiatu inaelekea kisiwa cha Sicilia, kama mtu anayetaka kupiga mpira. Kisiwa kingine kikubwa ni Sardinia.

Upande wa kaskazini milima ya Alpi imesimama kama ukuta wenye theluji. Milima mingine, iitwayo Apenini, inashuka katikati ya nchi kama uti wa mgongo. Kati ya hiyo kuna bonde pana la mto Po, wenye urefu wa kilometa 650 hivi. Ndilo shamba kubwa la Italia. Nchi nzima ina kilometa za mraba 301,000 hivi. Kongo yetu inaishinda kwa ukubwa karibu mara nane. Watu wake ni milioni 59 hivi.

Italia ina milima ya moto pia. Mwaka 79 mlima Vesuvio ulilipuka, ukaufunika mji wa Pompei kwa majivu, watu na nyumba pamoja. Etna, katika Sicilia, unatapika moto hata leo. Mgeni anashangaa kuona vijiji na mizabibu katika mbavu za milima hiyo. Lakini watu wa Goma, wanaolala na kuamka chini ya Nyiragongo, hawana haja ya kuelezwa. Wanajua kwamba moto ukipoa udongo unazaa sana, na mwenye shamba hurudi.

Milima hiyo imeleta jambo kubwa katika historia: imekata nchi vipande vipande. Bonde moja halikusikia maneno ya bonde la pili. Watu waliotengana kwa mwendo wa siku mbili tatu walikuwa na matamko mengine, mapishi mengine, na mtakatifu mwingine wa kumfanyia sikukuu. Tuliweke jambo hilo moyoni, maana tutalikuta tena.

2. ROMA INAUNGANISHA, ROMA INAANGUKA

Waroma wenyewe walisimulia kwamba mji wao ulianzishwa mwaka 753 mbele ya Kristu. Mwanzoni ulikuwa kijiji cha wachungaji na wakulima kando ya mto Tevere. Upande wa kaskazini walikaa Waetruska, mafundi hodari wa shaba na udongo. Upande wa kusini Wayunani walikuwa wamejenga miji mizuri pwani. Kidogo kidogo Roma ikawashinda jirani zake wote.

Lakini haikutawala kwa upanga tu. Ilijenga barabara. Ile iitwayo Via Appia ilianzwa mwaka 312 mbele ya Kristu, na hata leo mtu anaweza kutembea juu ya mawe yake. Ilitunga sheria, na mawazo ya sheria zile yamo hata leo katika sheria za Ufaransa na za Ubelgiji, na kwa njia hiyo katika sheria za Kongo. Ilieneza Kilatini, ambacho ni mama wa Kiitalia, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania.

Na jina Italia je? Sikilizeni kisa hiki. Watu wa miji iliyopatana na Roma walipeleka vijana wao kufa katika vita vya Roma, lakini hawakuhesabiwa kuwa raia wa Roma. Mwaka 91 mbele ya Kristu walichoka, wakaasi. Wakapiga fedha zao wenyewe, zenye neno Italia. Juu ya fedha nyingine walichora ng'ombe dume akimchoma mbwa mwitu kwa pembe. Ng'ombe ndiye Italia, mbwa mwitu ndiye Roma. Roma ilishinda vita, lakini ilipaswa kuwapa haki ya uraia waliyoidai. Walioandika jina Italia juu ya fedha zile hawakuwa wakubwa wa Roma, bali watu waliodai haki mbele ya Roma.

Tusisahau pia watumwa. Fahari ya Roma ilikaa juu ya migongo yao. Mwaka 73 mbele ya Kristu, mtumwa mmoja jina lake Spartaco aliongoza wenzake katika uasi, wakayatetemesha majeshi ya Roma kwa muda wa miaka miwili. Waliposhindwa, watu 6000 wakatundikwa juu ya misalaba kando ya ile ile Via Appia. Barabara nzuri haionyeshi kila mara machozi ya waliopita juu yake.

Mwaka 313 kaisari Konstantino aliwapa Wakristu ruhusa ya kusali bila kuteswa. Mwaka 476 kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi, kijana Romolo Augustolo, akaondolewa na jemadari Odoacre. Mwaka 568 Walombardi wakavuka milima ya Alpi, wakatwaa sehemu kubwa ya nchi. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka karibu 1300, Italia nzima haikupata tena serikali moja.

3. KILA MJI NA MNARA WAKE

Ndipo ilipoanza historia ya miji. Sicilia ilitawaliwa na Waarabu, kisha na Wanormandi. Mapapa walitawala Roma na nchi za katikati. Lakini kaskazini miji ilianza kujitawala yenyewe. Venezia na Genova walipata mali kwa merikebu. Firenze kwa vitambaa vya sufu na kwa fedha. Milano kwa silaha na mashamba. Bologna ikajulikana kwa Universite yake, ambayo watu wanahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1088. Mwaka 1176, karibu na Legnano, miji ya kaskazini iliungana ikamshinda kaisari Federico Barbarossa, mkubwa wa Wadachi. Mwaka 1252 Firenze ikapiga fedha ya zahabu iitwayo fiorino, na wafanya biashara wa Ulaya yote wakaikubali.

Lakini ukubwa wa miji ile ulikuwa pia ugonjwa wake. Waitalia wana neno lao, campanilismo, linalotoka katika campanile, maana yake mnara wa kengele. Ni moyo wa mtu anayeona kwamba hakuna mnara mzuri kuliko ule wa parokia yake, wala hakuna watu wazuri kuliko wale wanaosikia kengele yake. Moyo huo ulijenga makanisa ya ajabu, kwa sababu kila mji ulitaka kuushinda mji jirani. Lakini ulimwaga damu pia. Pisa alipigana na Genova, Firenze na Siena, Venezia na Milano. Hata ndani ya ukuta mmoja jamaa hii ilichoma nyumba za jamaa ile.

Mwaka 1302 chama kimoja cha Firenze kiliwafukuza wapinzani wake. Kati ya waliofukuzwa alikuwamo mtu jina lake Dante Alighieri. Aliambiwa kwamba akirudi atachomwa moto. Hakurudi kamwe. Alizunguka kwa wageni, akila mkate wao, mpaka akafa Ravenna mwaka 1321.

4. LUGHA INATANGULIA SERIKALI

Dante alikuwa na kalamu. Siku zile mtu mwenye elimu aliandika kwa Kilatini. Maneno ya sokoni na ya jikoni yalihesabiwa kuwa ya washamba. Kweli, Mtakatifu Fransisko wa Assisi, muda mfupi mbele ya kufa kwake mwaka 1226, alikwisha kutunga sifa za Mungu na za viumbe kwa maneno ya watu wa Umbria. Lakini Dante alithubutu zaidi. Alisimulia safari ya mtu katika moto wa milele, katika purgatori na mbinguni, kwa maneno ya Firenze, yale yale aliyoyanyonya kwa mama yake. Kitabu hicho, Divina Commedia, kilionyesha kwamba lugha ya watu inaweza kubeba mawazo makubwa kabisa.

Nyuma yake wakaja Petrarca na Boccaccio, nao wakaandika kwa lugha hiyo. Mwandishi wa Venezia ama wa Napoli aliyetaka kusomwa mbali akaanza kuwafuata. Mwaka 1612 chama cha wataalamu wa Firenze, kiitwacho Accademia della Crusca, kilitoa kamusi kubwa ya Kiitalia. Angalieni vizuri: kamusi ilitangulia serikali kwa miaka 249! Hakuna mfalme aliyeamuru lugha hiyo. Ilikubaliwa kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vizuri.

Pamoja na vitabu zikaja kazi za mikono. Mwaka 1436 fundi Filippo Brunelleschi alimaliza kuba kubwa la kanisa la Firenze, ambalo wengi walidhani halijengeki. Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho katika ukuta wa nyumba ya watawa huko Milano. Michelangelo alifanya kazi miaka minne, tangu 1508 mpaka 1512, akichora dari ya kanisa la Sistina katika Vatikano, shingo imepinda na rangi ikimdondokea usoni. Mwaka 1607, katika mji wa Mantova, Claudio Monteverdi alionyesha mchezo wa kuimbwa mwanzo mpaka mwisho, uitwao Orfeo. Huo ni mmoja wa michezo ya kwanza ya aina ile inayoitwa opera. Naye Galileo Galilei alielekeza darubini yake mbinguni. Alihukumiwa mwaka 1633 kwa sababu alifundisha kwamba dunia inazunguka jua. Mwaka 1992 Papa Yoane Paulo II alikiri waziwazi kwamba waamuzi wake walikosea.

Katika zama zile zile Kongo na Italia walionana. Mwaka 1608 Antonio Manuel, balozi wa mfalme wa Kongo, alifika Roma baada ya safari ya taabu ya miaka mingi. Alikuwa mgonjwa sana, akafa baada ya siku chache. Sanamu yake ya marumaru ingali katika kanisa la Santa Maria Maggiore, na Mkongomani anayepita Roma anaweza kuisalimu. Tangu mwaka 1645 mapadri Wakapuchini wa Italia wakaja kufanya kazi katika ufalme ule wa Kongo.

5. TAJIRI ASIYE NA MLANGO

Basi Waitalia walikuwa na lugha, mali, mafundi na wataalamu. Walikosa nini? Walikosa kupatana. Nyumba yao ilikuwa tajiri, lakini haikuwa na mlango. Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa aliingia na jeshi lake, akashuka mpaka Napoli. Baadaye wakaja Wahispania. Mwaka 1527 askari wa kaisari Karolo wa Tano waliuteka Roma, wakaua na kunyang'anya. Tangu mwaka 1559 Hispania ikatawala Milano, Napoli, Sicilia na Sardinia. Baadaye Austria ikatwaa nafasi kubwa kaskazini. Wakubwa wa miji walikuwa wamezoea kumwita mgeni ili awasaidie kumpiga jirani. Mgeni akaja, akampiga jirani, kisha akabaki.

Mwaka 1796 Napoleone Bonaparte aliingia na jeshi la Ufaransa. Aliondoa wakubwa wengi wa zamani, akaleta sheria mpya. Tarehe 7 ya mwezi wa kwanza 1797, katika mji wa Reggio Emilia, bendera ya rangi tatu, kijani, nyeupe na nyekundu, ilichaguliwa kwa mara ya kwanza. Napoleone alianguka na wakubwa wa zamani wakarudi, lakini wazo halikufa tena.

Watu watatu wanatajwa zaidi katika kazi ya kuunganisha nchi. Wa kwanza ni Giuseppe Mazzini wa Genova. Mwaka 1831 alianzisha chama cha siri cha vijana, akafundisha kwamba Italia iwe moja, yenye uhuru, bila mfalme. Wa pili ni Camillo Cavour, waziri mkubwa wa mfalme wa Torino, mtu wa hesabu na mapatano. Wa tatu ni Giuseppe Garibaldi, baharia na askari. Mwezi wa tano 1860 Garibaldi alipanda merikebu mbili pamoja na watu karibu elfu moja, akashuka Sicilia. Kwa muda wa miezi michache aliuangusha ufalme wa Napoli. Kisha akampa mfalme Vittorio Emanuele II nchi zote alizozishinda, akarudi katika kisiwa cha Caprera kulima shamba lake.

Tarehe 17 ya mwezi wa tatu 1861, ufalme wa Italia ulitangazwa Torino. Venezia uliingia mwaka 1866. Tarehe 20 ya mwezi wa tisa 1870, askari waliingia Roma, na serikali ya Mapapa ikaisha. Papa Pio IX alihuzunika sana, akajifungia Vatikano, na Wakatoliki wakakatazwa kupiga kura kwa ajili ya bunge. Kwa miaka mingi Mwitalia mwaminifu alikuwa na moyo uliogawanyika: apende nchi yake ama amsikilize Papa wake? Mapatano yalifanyika mwaka 1929 tu, na Vatikano ikawa nchi ndogo ya hektari 44. Mwaka 1962 Kardinali Montini, aliyepata kuwa Papa Paulo VI mwaka uliofuata, alieleza kwamba hasara ile iligeuka kuwa heri, kwa sababu Papa alibaki na kazi yake ya roho.

6. NCHI IMEPATIKANA, WATU BADO

Ndugu wasomaji, wengi wanafunga hadithi hapa: bendera imepanda, ngoma zinalia. Lakini kazi kubwa ilikuwa haijaanza.

Mwaka 1861 watu karibu watatu kati ya wanne hawakujua kusoma. Na Kiitalia, lugha ile ya Dante, ilisemwa na nani? Wataalamu hawakubaliani: wengine wanahesabu chini ya watu 3 kwa mia, wengine karibu 10 kwa mia. Wote waliobaki walisema lugha za kwao tu. Cavour mwenyewe alizoea Kifaransa kuliko Kiitalia! Na Alessandro Manzoni wa Milano, mtunzi wa hadithi kubwa I promessi sposi, alipokwisha kuitoa mwaka 1827 alikwenda Firenze kusikiliza namna watu wanavyosema, akaiandika upya karibu yote.

Watu wa kusini walikuwa wametumaini nini? Mwezi wa nane 1860, wakulima wa Bronte, chini ya mlima Etna, walidhani kwamba uhuru ni kugawiwa mashamba. Walipoona hawapati kitu waliasi, wakaua watu. Nino Bixio, jemadari wa Garibaldi, akaja. Baada ya hukumu ya upesi watu watano walipigwa risasi, mmoja wao mtu mwenye kichaa. Miaka iliyofuata serikali mpya ilipeleka kusini watoza kodi na askari mbele ya walimu. Wengi walikimbilia msituni na bunduki, na vita vya ndani viliua maelfu. Mwaka 1869 ikaja hata kodi ya kusaga nafaka, ambayo ilimpiga maskini katika mkate wake. Kaskazini nako wakulima waliokula polenta peke yake, bila nyama wala maziwa, walishikwa na ugonjwa wa pelagra, uletwao na chakula kisichotosha.

Basi watu wakaondoka. Kwa muda wa miaka mia, tangu 1876, Waitalia karibu milioni 26 walitoka kwao kwenda Amerika na nchi nyingine za Ulaya. Wengine walirudi, wengi hawakurudi. Hata Ubelgiji iliwaita wachimbe makaa ya mawe. Tarehe 8 ya mwezi wa nane 1956, moto uliwaka katika shimo la Marcinelle. Watu 262 walikufa. 136 walikuwa Waitalia. Sisi watu wa nchi ya migodi tunajua kilio cha mama anayesimama mbele ya mlango wa shimo.

Vita vya 1915 mpaka 1918 viliwakutanisha mkulima wa Sicilia na mkulima wa Piemonte ndani ya handaki moja. Karibu askari 600,000 walikufa. Katika uchovu huo Benito Mussolini alishika serikali mwaka 1922. Yeye alitaka kuwafanya Waitalia kwa kelele na fimbo. Alivunja vyama vingine, akafunga wapinzani. Watu wa mipaka ya kaskazini wenye kusema Kidachi walikatazwa kusomesha watoto kwa lugha yao. Mwaka 1935 aliishambulia Etiopia, na majeshi yake yakatumia hewa ya sumu. Mwaka 1938 akatunga sheria za kuwabagua Wayahudi.

Hapo historia ya Italia ilikutana tena na yetu. Mwaka 1941 askari wa Force Publique, pamoja na wapagazi wengi, walitoka Kongo, wakapita Sudani, wakapigana na Waitalia katika Etiopia: Asosa, Gambela, mwisho Saio. Mwezi wa saba mwaka ule jemadari Gazzera alisalimu amri Saio, mbele ya watu wa Kongo na wakubwa wao Wabelgiji. Miaka 20 baadaye, mwezi wa kumi na moja 1961, Waitalia 13 waliokuja kwa ndege za Umoja wa Mataifa wakiwaletea wenzao vitu waliuawa Kindu. Hawakuja kupigana. Tutaje yote mawili, maana historia ya kweli haifichi upande mmoja.

7. KAZI INAYOFANYIKA POLEPOLE

Mussolini alianguka mwaka 1943, na vita vikaisha mwaka 1945. Tarehe 2 ya mwezi wa sita 1946 watu waliulizwa: mfalme ama jamhuri? Kwa mara ya kwanza wanawake walipiga kura ya nchi nzima. Milioni 12.7 walichagua jamhuri, milioni 10.7 walichagua mfalme. Hesabu zilikaribiana, lakini nchi haikupasuka.

Katiba yao ilianza kazi tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1948. Inasema kwamba jamhuri ni moja, haigawanyiki. Lakini inasema pia kwamba inalinda watu wenye lugha nyingine. Leo Kidachi kinafundishwa katika shule za Bolzano, na Kifaransa katika bonde la Aosta. Nchi imegawanyika katika mikoa 20, mitano kati yake yenye madaraka zaidi.

Na Kiitalia kilienea namna gani? Shule ililazimishwa na sheria ya mwaka 1877, lakini katika vijiji maskini sheria ilibaki karatasi kwa muda mrefu. Mwaka 1954 ikaanza televisheni. Mwaka 1960 mwalimu Alberto Manzi alianza kufundisha kusoma na kuandika kwa njia ya televisheni. Jina la masomo yake lilikuwa na maana ya kwamba hakuna aliyechelewa. Wazee wenye mikono migumu ya jembe walikusanyika jioni, wakachora herufi zao za kwanza. Mwaka 1964 barabara kubwa ya kutoka Milano mpaka Napoli ilimalizika, na vijana wa kusini walikuwa wakipanda kwa maelfu kutafuta kazi katika viwanda vya Torino na Milano. Walicheka matamko ya wenzao, wakagombana, wakaoana. Hivi ndivyo karibu Waitalia wote walivyopata kusema Kiitalia.

Je, kazi imekwisha? Hapana. Kusini kungali maskini kuliko kaskazini. Vijana wengi wanaondoka tena. Watoto wanaozaliwa ni wachache. Na nchi iliyopeleka wana wake ulimwenguni kutafuta mkate, sasa inapokea wageni wanaovuka bahari katika mashua dhaifu, kati yao watu wa Afrika; na Waitalia wanabishana namna ya kuwapokea.

Wasomaji wapenzi, safari ya Waitalia inatuonyesha nini? Lugha nzuri na vitabu vizuri viliwakaribisha watu mbele ya askari kufika. Askari walileta serikali moja kwa muda wa miaka kumi, lakini shule, barabara na sheria ya haki zilihitaji miaka mia. Alipokuja mtu wa fimbo akataka watu wote waseme na kuwaza namna moja, aliwapeleka shimoni. Na mtu wa Napoli hakuacha kuwa mtu wa Napoli. Angali na mapishi yake, nyimbo zake, na mnara wake wa kengele, ambao kwake ni mzuri kuliko yote.

Turudi kwa Guido wa Arezzo na kwaya yake. Yeye hakuwaambia waimbaji wote waimbe kwa sauti moja. Aliwapa majina ya sauti tu, ili kila mmoja ajue mahali pake, na anayetoka mbali aweze kuimba pamoja na mwenyeji.